Pikapu Iliyoota Mvi

Ukiwa na gari ambalo plastiki zake nyeusi zimegeuka kijivu, na una ndugu anayeamini kwamba hakuna kitu kisichotengenezeka kwa moto, vuta kigoda ukae. Haya yanakuhusu.

Palikuwa na dobi mmoja, mama wa makamo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Alifua shuka za nyumba mbili za wageni, sare za wauguzi na suti za harusi, akazitundika uani kwenye kamba nane, na jioni akazipiga pasi mpaka ukizishika unaona haya kuzikunja. Kazi aliijua. Ila alikuwa mwoga, na hakuona aibu kusema. Hakuogopa kazi wala watu. Aliogopa mambo ambayo hayajatokea. Breki zikilia barabarani, yeye huku uani anaacha beseni na kutega sikio. Simu ikiita mara mbili bila kupokewa, keshazika. Majirani walimcheka: "Mama Pasi huyo, hata kivuli chake hukipisha njia."

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, wa kike, naye kama vile kumkomoa mama yake akachagua udereva. Miaka tisa aliendesha malori ya watu, safari za wiki mbili barabarani na siku tatu nyumbani, na miaka hiyo tisa mama alilala jicho moja. Mwisho binti akajikusuru, akanunua pikapu yake mwenyewe, nyeupe, yenye boksi la bati nyuma, kwa mzee aliyekuwa ameiacha juani kama mkeka wa kuanikia.

Injini ilikuwa nzima, inanguruma kama paka aliyeshiba. Rangi nyeupe bado ilikuwa na uso. Lakini plastiki! Bampa la mbele, bampa la nyuma, matao manne juu ya magurudumu, vifuniko vya vioo vya pembeni, vishikio vya milango: vyote vilitoka kiwandani vyeusi kama mkaa, na sasa vilikuwa vimepauka kama visigino vya mtu asiyejua mafuta. Ukipitisha kidole kinatoka na ungaunga.

"Gari limeota mvi," mama alisema siku ile ya kwanza.

"Mvi hazimzuii mtu kutembea, mama," binti akajibu.

Kumbe zinazuia.

Kiwanda cha mikate kilichokuwa ng'ambo ya soko kilitafuta gari moja la kupeleka mikate shuleni na madukani. Kutoka alfajiri, kurudi saa sita mchana. Mama Pasi aliposikia hilo la saa sita mchana alikaa chini. Kazi ya dereva kula chakula cha mchana kwao, kila siku! Aliombea kazi ile kuliko alivyowahi kuombea mvua isinyeshe siku ya kufua. Maana upande wa pili, tajiri wa malori alikuwa ameshapiga simu: nafasi iko wazi, njia ndefu kuliko zote, anataka jibu Ijumaa.

"Pikapu bila mzigo ni pambo," binti alisema. "Mikate ikikataa, naiegesha hapa uani, narudi kwenye lori. Usinililie, mama."

"Nani analia?" Mama alikuwa analia.

Jumatatu wakaenda kukaguliwa, mama akiwa kiti cha abiria, mkono mmoja kwenye mkanda na mwingine kwenye kishikio cha juu. Waliofika walikuwa wengi, wakachujwa mmoja mmoja: huyu boksi linavuja, yule matairi vipara. Zikabaki pikapu mbili, zote nyeupe, ya binti na ya bwana mmoja wa miwani ya jua, ambaye hakuivua hata kivulini, na watu wakamwita Miwani tu.

Msimamizi wa kiwanda alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti jeupe na sauti ya mwalimu wa zamu. Aliingia ndani ya boksi, akanusa. Akapiga bati kwa ngumi. Akaridhika. Kisha akateremka, akaweka kiganja juu ya bampa la nyuma la binti, akakiburuta polepole mpaka kwenye tao la gurudumu, halafu akakipangusa kifuani kwenye koti lake mwenyewe.

Pakabaki alama ya vidole vitano, ya kijivu, kama ametoka kusaga unga.

"Unaona hii?" alimwuliza binti. "Wapakiaji wangu wanaegemea hapa. Mkono ukitoka hapa unashika kreti, na kutoka kwenye kreti unashika mkate wa mtoto wa shule. Kwa gari hili, mkate wangu haupandi."

Akaenda kwa Miwani, akafanya vilevile, na koti likapata alama ya pili, nyepesi kidogo.

"Hata wewe. Ijumaa, saa nne asubuhi, nitavaa koti safi. Gari ambalo halitalichafua ndilo litakalopakia. Yakilichafua yote mawili, nitatafuta watu wengine."

Miwani alicheka, akamgeukia binti. "Dada'ngu, hilo lako limezeeka, lipeleke likacheze na wajukuu. Mimi hapa ni dakika tano. Oili chafu ya injini, kitambaa, kwisha kazi."

"Tutaona, kaka," binti alisema.

"Utaona wewe. Mimi nimevaa miwani."

Wakarudi nyumbani. Mama alikuwa anahesabu siku kwa vidole: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Vidole vitatu tu kati ya mwanawe na ile njia ndefu.

Sasa, Mama Pasi alikuwa na mdogo wake wa kiume, fundi wa kuchomelea, aliyetengeneza mageti na madirisha ya nusu ya mtaa. Watu walimwita Cheche, na binti alimwita mjomba. Alikuwa na roho nzuri, hilo lisemwe. Lakini mtu aliyekaa na moto miaka ishirini huanza kuuona kama ndugu wa tumbo moja. Kufuli likigoma, moto. Bawaba ikilia, moto. Jumanne asubuhi aliingia uani akisukuma mtungi wake wa gesi kwenye kigari, kichomeo begani kama askari.

"Nimesikia habari za mvi," alisema. "Mpwa wangu, hiyo si kazi ya kununulia dawa. Plastiki ina mafuta yake ndani. Jua limeyasukuma chini. Ukiipitishia moto kidogo, yanapanda juu yenyewe. Nimeona kwa macho yangu."

"Moto kwenye gari?" Mama aliacha beseni. "Gari lenye petroli tumboni?"

"Dada, wewe hata kiberiti unakiogopa."

"Nakiogopa, ndiyo maana nyumba yangu haijawahi kuungua."

Binti alimtazama mama, akamtazama mjomba. Mtu mwenye haraka humsikiliza anayemwambia "kidogo tu". Akasema, "Tujaribu tao moja, mama. Moja tu."

Mama hakuwa na nguvu ya kuwazuia wawili. Alichofanya ni kutia mikono kwenye beseni lake kubwa, akavuta shuka la kitanda cha watu wawili, zito, linatiririka maji, akasimama nalo mikononi bila kulikamua.

"Hilo la nini?" Cheche akauliza.

"Sijui. Nalishika tu."

Cheche alicheka hadi akakohoa. Kisha akachukua kitambaa, akakichovya petroli kidogo, akafuta vumbi kwenye matao ya mbele na ya nyuma, na alipomaliza akakichomeka kwenye pengo karibu na kifuniko cha tangi ili kisimpotee. Hakukifikiria tena. Ndivyo ajali zinavyoanza, huwa hazipigi hodi, hukaa pembeni kimya kama kitambaa.

Akawasha. Ulimi wa buluu ukatoka kwenye kichomeo, akaupitisha juu ya tao la mbele, huku na huku, kama anapaka rangi. Na kweli, mbele ya macho yao, kijivu kikafutika! Weusi ukapanda kutoka ndani, mzito, unang'aa, kama siku lilipotoka kiwandani. Binti akapiga makofi. Majirani wawili waliokuwa wanachungulia ukutani wakapiga kelele.

"Mnaona? Moto ni daktari!" Cheche alisema.

Mama Pasi hakupiga makofi. Alikuwa ameuona mng'ao ule mahali pengine. Nailoni hung'aa hivyohivyo chini ya pasi, nukta moja kabla haijashika.

"Inatosha, mdogo wangu. Imeng'aa. Zima."

"Bado matatu, dada."

"Nimesema zima."

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Cheche alikuwa ameshahamia nyuma, kwenye tao lililo chini ya kifuniko cha tangi, na kwa kuwa sasa alikuwa na watazamaji alisogeza moto karibu zaidi, akakaa mahali pamoja akiwageukia majirani ili aeleze. Alikuwa bado anaeleza tao lilipolainika. Likavimba lengelenge, lengelenge likapasuka, na tao zima likaninginia kama ulimi wa mbwa. Akashtuka, akainua kichomeo juu. Juu kulikuwa na kitambaa.

Kililipuka kwa sauti ndogo tu, *fup*. Moto wa njano, mrefu kama mkono, ukasimama pembeni mwa kifuniko cha petroli.

Binti aliganda. Cheche aliganda. Majirani walitoweka ukutani kama wamekatwa. Aliyetembea alikuwa mmoja, yule anayekipisha kivuli chake. Mama Pasi alikwenda hatua nne, akalitupa lile shuka kwa mikono miwili jinsi anavyolitupa kwenye kamba kila siku ya maisha yake, likafunguka hewani na kutua pale penyewe, akalikumbatia gari kwa kifua na kulibana. Maji yakachuruzika. Moshi ukatoka pembeni ya shuka, mweusi, kisha mweupe, kisha ukaisha.

Kichomeo kilikuwa bado kinavuma mkononi mwa Cheche.

"Dada..."

"Funga mtungi kwanza. Maneno baadaye."

Akafunga. Ikamchukua mara tatu.

Walipoondoa shuka, rangi ya gari ilikuwa imepona kwa unene wa ukucha. Shuka la nyumba ya wageni lilikuwa na tundu la kupita kichwa, na mama hapohapo akaingia ndani, akatoa shuka lake jipya la kitandani, akaliweka kwenye fungu la kurudisha. Halafu akakaa kwenye kizingiti. Binti akakaa chini karibu na miguu yake.

"Mama, basi. Tumeharibu hata kilichokuwepo. Nampigia mwenye lori."

Hapo ndipo jambo likageuka. Labda mtu aliyeogopa maisha yake yote, siku kitu anachokiogopa kikija kweli na akakizima kwa mikono yake, huamka mwingine. Mama Pasi alinyanyuka. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Leo ni Jumanne," alisema. "Ijumaa bado haijafika. Hizi plastiki zimechakaa, si ndiyo? Zimechujuka, si ndiyo? Sasa ni nani katika mtaa huu anayeishi kwa vitu vilivyochujuka? Kuanzia sasa gari hili ni nguo. Nipisheni."

"Na mimi?" Cheche aliuliza, mdogo kama sindano.

"Wewe nenda kwenye uwanja wa magari mabovu. Utafute tao kama lile uliloliyeyusha. Na ulifungue kwa bisibisi, unanisikia? Bisibisi. Nikinusa moshi kwenye shati lako, usinijue."

Jumatano mama aliamka kabla ya jogoo kujua kwamba ni zamu yake. Lile tao la mbele walilolishangilia jana lilikuwa limekauka na mabaka, hapa jeusi, hapa kijivu, kama paka wa jalalani. "Daktari wenu huyo," alisema.

Kila dobi anajua, na asiyejua na ajue leo: huwezi kutia rangi nguo chafu. Uchafu utashika rangi, nguo haitashika, na ikifuliwa mara ya kwanza vyote vinakwenda na maji. Kwa hiyo hakugusa dawa yoyote. Alichukua sabuni ya unga, maji ya uvuguvugu na brashi laini ya kola, akaanza na bampa la mbele, akasugua kwa mviringo, akasuuza. Povu la kwanza lilitoka la kijivu. La pili lilitoka la hudhurungi, linateleza. Yalikuwa mafuta ambayo yule mzee alipaka zamani ili gari ling'ae la kuuzia. La tatu lilitoka la maziwa. Binti alitaka kuacha hapo.

"Imetakata, mama."

"Nani kakwambia?" Mama akachukua kitambaa cheupe, kibichi, akakibana kwenye bampa na kukivuta. Kilitoka na mstari. "Macho yako yanakwambia unachotaka kusikia. Rudia."

Walirudia mara tano. Mara ya tano kitambaa kilitoka kilivyoingia.

Kisha ikaja kukauka. Binti alitaka kulisogeza gari juani, mama akakataa kata kata. Nguo ya rangi haikaushwi juani, na jua ndilo lililoleta msiba huu toka mwanzo. Wakaliacha kivulini kando ya ukuta, na mama akapita akichokonoa kila mfereji kwa pembe ya kitambaa kilichokunjwa. "Nguo haikauki katikati," alisema. "Inakauka pindoni. Katikati hudanganya."

Wakati likikauka, jirani fundi wa magari aliwaletea kopo la oili chafu kwa wema wake, bure. Kijana wa kung'arisha viatu wa kona ile alimpa binti dawa nyeusi ya viatu. Jirani mwingine akasema mafuta ya kupikia, yeye hupaka na hajawahi kujuta. Mama alivipokea vyote akashukuru. Halafu akaling'oa lile tao lililoyeyuka, akaliosha kama mengine, akaligawa kwa chaki vyumba vinne. Chumba cha kwanza oili chafu, cha pili dawa ya viatu, cha tatu mafuta ya kupikia. Cha nne akakiacha wazi.

"Hicho cha nani?" binti akauliza.

"Cha mgeni. Twende dukani."

Muuza vipuri aliwapangia chupa tatu kaunta. Hii inang'arisha sana, hii inanukia vizuri, hii ni ndogo na haing'ai sana. Mama alizitazama kama anachagua mkwe.

"Zikishapakwa," aliuliza, "ipi inakauka na kubaki, na ipi inakaa juu tu kama mgeni aliyeegemea mlango?"

Muuzaji alimtazama tena. "Mama, nimeuza hapa miaka kumi na moja. Wanaume wote huniuliza ipi inang'aa." Akasukuma mbele ile ndogo. "Hii inaingia ndani ikakaukia humo. Lakini inataka plastiki iliyooshwa kweli. Wengi wanaipaka juu ya uchafu, kisha wanakuja kunitukana."

"Sisi hatutakuja kukutukana."

Wakaitia kwenye chumba cha nne, wakaacha vyote vinne mpaka Alhamisi asubuhi. Mama akamimina kata ya maji juu ya tao, akapitisha kitambaa cheupe chumba kwa chumba. Oili chafu ilitoka yote, na kitambaa kikanuka gereji. Dawa ya viatu ilitoka nusu, nusu ikatiririka. Mafuta ya kupikia yalikuwa yameshika vumbi na sisimizi wawili. Cha nne maji yaliviringika yakaanguka kama shanga, na kitambaa kikatoka cheupe kama jino.

Mama alikikunja kile kitambaa taratibu, akakitia mfukoni kama anayetunza barua.

Alhamisi yote wakafanya kazi. Kwanza wakabandika utepe wa karatasi kwenye kingo zote ili dawa isiguse rangi nyeupe. Kisha tone moja kwenye sponji, tao moja, mkono mmoja kwenda upande mmoja bila kurudi nyuma. Kusubiri. Kufuta iliyozidi, maana iliyozidi ndiyo inayokuja kuchuruzika. Tabaka la pili jembamba kuliko la kwanza. Binti aliyezoea kubadilisha gia kumi na mbili aliona ni kama kutembea na bibi.

"Mama, kwa mwendo huu tutafika Ijumaa ijayo."

"Wewe ukiwa kwenye lori mimi nasubiri wiki mbili. Huwezi kunisubiri dakika kumi?"

Baada ya hapo binti alipaka taratibu kuliko mama yake.

Alasiri Cheche akaingia, matope mpaka magotini, na tao kwapani. Alikuwa amepita viwanja vitatu vya magari mabovu, akalala chali chini ya pikapu iliyopinduka, na mkononi alikuwa na malengelenge ya bisibisi. Kabla hajasalimia alimsogelea dada yake, akanyoosha kola.

"Nuse."

Mama akanusa. Jasho, kutu, matope. Hakuna moshi.

"Kaa ule," alisema. Na hiyo ndiyo ilikuwa samahani yao, kuombwa na kutolewa kwa pamoja.

Tao lile lilikuwa limepauka kuliko hata yale mengine, la rangi ya jivu kabisa. Wakaliosha mara tano, wakalikausha pindoni, wakalipaka, na Cheche mwenyewe akalifunga kwa vibano vyake kimoja kimoja, ulimi nje, kama analivalisha kwa ajili ya harusi. Walipotoa utepe na kurudi nyuma hatua kumi, hakuna aliyeweza kusema lililo geni ni lipi. Pikapu ilikuwa imesimama pale, nyeupe pe, na nyeusi ti. Haikung'aa kama viatu vya tamasha. Ilikuwa na weusi wa utulivu, weusi wa kitu ambacho hakina haja ya kukuita.

Ijumaa mvua ikanyesha.

Si manyunyu, bali mvua ya kupiga mabati mpaka watu wanaongea kwa ishara. Mama Pasi alisimama dirishani, na hofu zake zote za zamani zikarudi zimeshikana mikono. Vipi ikichuruzika? Vipi yule muuzaji alidanganya? Binti akawasha gari.

"Unakuja au unabaki?"

"Nabaki nikafe kwa mawazo? Sogea."

Uwanja wa kiwanda ulikuwa na paa upande mmoja tu. Miwani alikuwa ameshafika, ameegemea ukuta na mwavuli, miwani yake puani kwenye mvua ile. Pikapu yake kwa mbali ilikuwa inang'aa kuliko ya binti, ikimeremeta kwa mafuta. "Karibuni mtazame," alianza, na hapo Msimamizi akatoka na koti safi, bado lina mikunjo ya pasi.

Akaanza na Miwani. Alipokaribia akasimama, akainamisha kichwa. Mvua ilikuwa imeifanyia ukaguzi kabla yake. Kutoka kila tao, kutoka kila kishikio cha mlango, mistari myeusi ilikuwa inateremka juu ya rangi nyeupe, mirefu, inapinda, inakutana chini, kama mtu aliyelia akiwa na wanja. Chini ya bampa palikuwa na kidimbwi cheusi chenye rangi za upinde wa mvua.

"Hii ni nini?"

"Ni... ni vumbi la njiani, mama."

"Vumbi la njiani lenye oili." Msimamizi hakuweka hata kidole. "Vua miwani, baba, ulitazame gari lako."

Miwani akaivua. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona macho, nayo yalikuwa mazuri tu, ila ya huzuni.

Msimamizi akaja kwa binti. Mama alikuwa amesimama kando. Maji yalikuwa yameketi juu ya plastiki kwa matone madogo ya mviringo, kila moja peke yake. Msimamizi akaweka kiganja juu ya bampa la nyuma. Akakiburuta mpaka kwenye tao, lile la bisibisi. Akabonyeza. Akarudia, safari hii kwa nguvu, kwa kisigino cha mkono. Kisha, polepole, akapangusa kifuani.

Maji tu. Koti likabaki jeupe.

Akajaribu kishikio cha mlango. Maji tu. Kifuniko cha kioo. Maji tu. Akainama, akatia kidole kwenye mfereji kati ya bampa na boksi, mahali ambapo hakuna mtu huosha, akakitazama kidole, akakipangusa, akalitazama koti.

"Nani kafanya kazi hii?"

Binti akafungua mdomo, lakini Cheche, aliyekuja kwa miguu nyuma yao na kulowa chapachapa, akawahi kutoka getini: "Dada yangu! Dobi! Hajawahi kugusa gari maishani mwake!"

"Dobi," Msimamizi alirudia, kama anaonja neno. Akawageukia wapakiaji. "Mnangoja nini? Kreti za kwanza ziko tayari tangu saa tatu. Shule ya juu kilimani hawajapata mikate."

Basi! Wapakiaji wakaanza, wanaegemea bampa, wanaegemea tao, kreti zinapanda moja baada ya nyingine, na harufu ya mkate wa moto ikajaa chini ya paa. Binti alitoa simu, akaenda pembeni, na mama akamsikia akisema kwa heshima zote, "Asante, tajiri. Hapana. Mtafute mtu mwingine. Nimepata ya hapahapa." Cheche alikuwa anamweleza mlinzi habari za sabuni ya unga na mapindo, kwa mikono miwili, kana kwamba yeye ndiye aliyevumbua maji. Hata Miwani alisogea, kitambaa cheusi mkononi, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, hiyo ya kwenu inauzwa wapi?"

"Nitakwambia," Mama Pasi alisema. "Lakini kwanza uoshe. Mara tano. Na kama una ndugu mwenye kichomeo, mfungie nje."

Mlango wa boksi ukafungwa. Binti akapanda nyuma ya usukani, akampungia mama aingie, waende pamoja safari ya kwanza. Mama akapanda, akafunga mkanda, akashika kishikio cha juu, akatazama mbele kwenye mvua.

"Polepole, mwanangu. Barabara inateleza."

"Mama, bado sijawasha."

"Ndiyo nakwambia mapema."

Binti akawasha. Mlinzi akafungua geti kwa upana wote, na pikapu ikatoka na mikate yake, matone yakiruka kutoka kwenye matao yake meusi, kuelekea shule ya juu. Saa sita mchana ilikuwa imerudi.